Nilivyoingia kwenye kikosi cha moto cha kijiji chetu

Ukitaja Muheza, mkoani Tanga, mtu wa mbali atakuambia machungwa. Ni kweli, lakini sisi tunaoishi miguuni mwa milima ya Usambara Mashariki tuna kitu kingine kinachotunyima raha kila mwaka, nacho ni moto kichaa. Kuna vipindi viwili vya hatari. Cha kwanza ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na majani yamekauka yanasubiri masika. Cha pili huanza Agosti hadi vuli inaposhuka, watu wanapoandaa mashamba. Miezi hiyo tunalala usingizi wa mang'amung'amu. Ukisikia filimbi usiku, unajua si ya mlinzi wa shule.

Nilijiunga na kikosi baada ya shamba la michungwa la mama mmoja jirani yetu kuteketea. Alikuwa mjane, na ile miche aliibebesha, yaani aliiunganisha, kwa mkono wake mwenyewe, akaimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni miaka yote ile mpaka ikaanza kuzaa. Moto ulitoka bondeni mchana, ukapita katikati ya shamba lake, na kabla ya alasiri kulikuwa na vijiti vyeusi. Mchungwa haufi siku hiyohiyo. Gome hupasuka, majani hugeuka rangi ya kahawia, halafu unakaa wiki kadhaa ukiutazama unavyokata tamaa tawi baada ya tawi. Yule mama alikuwa akienda kila asubuhi kukwangua gome kwa kucha aone kama kuna ubichi chini. Nilimwona akifanya hivyo, nikaenda kwa mjomba wangu, aliyekuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, nikamwambia nataka kusaidia. Akanijibu, "Mpwa wangu, huruma peke yake haizimi moto. Jumamosi njoo uwanjani, uje na fyekeo."

Uwanjani tulikuwa mchanganyiko: vijana wa bodaboda, wakulima wa iliki, mrina asali mmoja mtu mzima, akina mama kadhaa, na mwalimu. Bwana misitu alikuja na pikipiki, akapanga zana chini kwenye nyasi. Nilitegemea atuonyeshe jinsi ya kuzima. Badala yake alimwita kijana mmoja, akamwonyesha kilima kilichokuwa mbele yetu, akamwambia, "Moto uko pale. Kabla hujagusa jembe, nionyeshe utapita wapi ukikugeukia." Kijana akatazama huku na huku. Bwana misitu akawauliza wote mmoja mmoja. Asubuhi nzima ikaishia hapo, kwenye swali la njia ya kutokea.

Jibu lenyewe nimelielewa vizuri zaidi kila mwaka. Mahali salama kuliko pote kwenye moto wa majani ni pale palipokwisha kuungua. Panatisha kwa macho, bado panafuka moshi, lakini hakuna tena cha kuungua. Mtu mgeni hukimbia mbele ya moto, kwenda juu kilimani au kwenye kichaka kibichi anachodhani kitamficha. Huko ndiko wanakofia watu. Sisi tunafundishwa kufanya kazi mguu mmoja karibu na jeusi, yaani palipokwisha kuungua, ili mambo yakiharibika uingie humo. Na daima anakuwepo mtu mmoja ambaye hazimi chochote. Anasimama juu ya jiwe au kichuguu akiwa na filimbi, anatazama upepo na kuhesabu watu. Vijana hawaipendi kazi hiyo kwa sababu inaonekana ya uvivu. Mjomba humpa mtu anayemwamini kuliko wote.

Moto una mwili, na bila kuujua mwili wake huwezi kuelewana na wenzako. Una kichwa, yaani upande unaokwenda mbele kwa kasi ukisukumwa na upepo au mwinuko. Una mbavu mbili, na una mkia pale ulipoanzia. Mtu asiyefundishwa hukimbilia kichwa kwa sababu ndicho kinachotisha, ndicho kinachoelekea kwenye nyumba. Kichwa cha moto wa majani marefu hakisimamishwi na matawi. Unaanzia mkiani, kwenye kitu kisichoungua kama barabara, kijito au mwamba, kisha unapanda na ubavu, timu moja kushoto na nyingine kulia, mnaubana mpaka kichwa kinakuwa chembamba. Ukianzia katikati, moto utazunguka nyuma yako.

Mlima nao una sheria zake. Moto unaopanda mwinuko hukimbia kuliko unaoshuka, kwa sababu miali huinama na kuyakausha majani yaliyo juu yake kabla haijayafikia. Wazima moto wa nchi nyingi wanatumia kipimo kimoja: kila mwinuko unapoongezeka nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka karibu mara mbili. Ukijua hivyo, hutasimama juu ya kilima kuusubiri moto uliopo bondeni, hata kama kutoka pale unauona vizuri. Makorongo ni mabaya zaidi, yanavuta moto kama dohani. Na unaposhuka usiufurahie mapema, maana gogo linalowaka au nazi kavu huviringika hadi chini na kuwasha moto mpya, kisha ule mpya unapanda kukufuata.

Upepo wetu wazee waliujua kabla ya sisi kufundishwa. Asubuhi kunakuwa kumetulia. Kuanzia saa saba au saa nane mchana upepo wa bahari unaingia bara na kusukuma kila kitu kuelekea milimani. Usiku ukiingia, hewa baridi inateremka kutoka milimani na moto unaweza kugeuza uso kabisa. Kwa hiyo mstari uliokuwa salama saa kumi jioni unaweza kuwa mstari wa mbele saa nne usiku. Saa njema za kazi ni alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani. Moto wenyewe unapungua nguvu saa hizo, unakuwa mfupi, unaweza kuusogelea. Tumewahi kuuacha moto uungue usiku kucha kwenye eneo la mawe tukiulinda tu, kisha tukauzima wote kabla jua halijapanda. Waliokuwa wakitazama kutoka barabarani walitulaumu kwamba tumekaa.

Zana zetu si za kujivunia, lakini zinatosha kwa mtu anayejua kuzitumia. Mafyekeo, mapanga, majembe, reki. Mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa, ambayo lazima yaoshwe vizuri sana, kwa sababu masalia ya dawa ya mikorosho ukiyapulizia kwenye joto utayavuta mwenyewe. Kipande cha mpira wa tairi kilichogongomelewa kwenye mpini mrefu. Na matawi mabichi. Hapa pana ufundi ambao ningependa kila mtu aujue, maana kila mtu wa kijijini ameshika tawi siku moja na wengi hulitumia vibaya. Tawi halipigwi. Ukiliinua juu ya kichwa na kulishusha kwa nguvu, unarusha cheche nyuma yako kwenye majani makavu na unaupa moto hewa. Linashushwa taratibu juu ya mwali, linakandamizwa, linavutwa kuelekea upande ulioungua, linainuliwa kidogo tu, linashushwa tena hatua inayofuata. Watu wawili wakienda kwa mwendo huo, wa pili akirudia palipopita wa kwanza, wanazima ukingo mrefu bila kuchoka sana. Ukiwaona utadhani wanafagia uwanja.

Mavazi nayo. Jezi za mpira wa miguu na makoti ya nailoni huyeyuka na kugandia mwilini, na jeraha la namna hiyo ni baya kuliko la moto wenyewe. Tunavaa pamba, suruali za jinzi, mashati ya mikono mirefu ya mitumba, kofia, viatu vya ngozi. Gambuti za plastiki hapana. Ndala, sitaki hata kuzungumza. Kila mtu anabeba maji yake ya kunywa na anakunywa kabla hajasikia kiu, kwa sababu pale kiu inapokuja mwili umeshachelewa. Nimeona kijana mwenye nguvu akikaa chini ghafla, hajui jina la kijiji chake. Tulimpeleka kivulini, tukamlegeza nguo, tukammwagia maji, akarudi taratibu.

Moto wangu wa kwanza wa kweli ulikuwa kwenye ukingo kati ya mashamba ya mihogo na msitu wa hifadhi wa kijiji. Ulianza mtu akisafisha shamba. Tulipofika ulikuwa umeshaingia kwenye majani ya kuezekea, yale marefu yanayowaka kwa sauti. Hiyo sauti ndiyo iliyonishtua. Unaisikia kabla ya kuona chochote, mivunjiko mingi midogo kwa pamoja, halafu mngurumo chini yake. Ndege walikuwa wakipita mbele ya moshi wakila panzi wanaokimbia. Panya walitoka miguuni petu. Mjomba hakupaza sauti. Alitupanga wanne mkiani, wanne ubavu wa kulia, akamtuma mwalimu juu ya mwamba na filimbi, na wale wengine wote akawapeleka mbali mbele, kwenye kijia cha ng'ombe, wakakwangue majani mpaka udongo uonekane. Mimi nilitaka kwenda palipokuwa na mwali mkubwa. Nilipewa reki na kupelekwa kijiani.

Tulikwangua. Unaondoa majani, unaondoa mizizi ya juu, unaacha udongo mtupu upana wa mita mbili au tatu, takataka zote unazitupa upande ambao moto hautokei. Mgongo unauma, moshi unaingia machoni, na moto wenyewe huuoni, unaamini tu kwamba wenzako wanafanya yao kule nyuma. Kisha yule mrina asali, ambaye alikuwa na ruhusa ya mjomba na ujuzi wa miaka mingi, akawasha majani kwenye ukingo wa kinga yetu, yaani ule ukanda mtupu, upande wa moto, taratibu, akienda kinyumenyume na kijinga cha kuni mkononi. Moto mdogo ukatambaa kwenda kukutana na mkubwa. Mioto hiyo ilipokutana mwali ulisimama juu kwa muda mfupi, halafu ukaanguka, hakukuwa na kitu cha kula. Jambo hilo halifanywi na mtu yeyote bila amri ya kiongozi na bila kila mmoja kujua, kwa sababu ukiwasha moto wa pili mbele ya wenzako walio ndani, umewafungia mlango.

Nilidhani tumemaliza. Watu wa kijiji waliokuja kutazama walianza kurudi nyumbani wakishangilia. Mjomba akatuambia, "Sasa ndiyo kazi inaanza."

Moto uliolala ni kazi ndefu kuliko moto unaowaka, na ningekuwa na uwezo ningewafanya wote wanaotaka kujiunga waanze na hapo. Tulirudi ndani ya jeusi na majembe na ndoo, tukapita kila kisiki. Unaweka mgongo wa mkono karibu na ardhi, si kiganja, kwa sababu mgongo wa mkono una ngozi nyembamba inayohisi joto haraka, na ukiungua bado utaweza kushika jembe. Unausogeza taratibu juu ya majivu. Ukihisi joto, unachimba. Kisiki kimoja cha mwembe wa zamani kilionekana kimekufa kabisa, kijivu, baridi juu. Tulipokifukua tulikuta mzizi unene wa paja ukiwaka ndani ya udongo bila moshi, mwekundu kama macho ya mlevi, ukitambaa kuelekea nje ya kinga yetu. Ungetoka upande wa pili baada ya siku mbili, wakati ambapo hakuna mtu anayekumbuka. Tulimwaga maji, tukakoroga na udongo, tukamwaga tena, tukakoroga tena mpaka ukawa tope unaloweza kushika kwa mkono. Kumwaga maji tu hakutoshi, yanateleza juu.

Humo ndani pia ndimo wanamoumizwa watu. Mti uliounguzwa shina unaanguka bila kutoa sauti ya kutosha. Unaweza kukanyaga mahali ambapo mzizi umeungua ukaacha shimo lenye makaa, mguu ukazama hadi gotini. Nyuki waliofukuzwa kwenye mzinga hawana subira. Tulikuwa tunatembea wawiliwawili tukitazama juu na chini. Akina mama walileta uji na maji ya ndimu usiku, na wengine wao walibaki kuchimba mpaka kulipopambazuka. Nasema hivi kwa sababu bado kuna wanaume wanaodhani mwanamke kwenye kikosi cha moto ni mpishi. Kwetu, mtu anayejua vizuri kuliko wote njia za ndani ya msitu ni mama anayekwenda kuokota kuni, na tulipomwingiza kwenye kikosi ndipo tulipoacha kupotea gizani.

Watu huniuliza kwa nini tusipige 114 tukawaachia Zimamoto. Tunapiga. Lakini gari haliwezi kupanda kule, hakuna barabara, na litakapofika barabara kuu moto umeshavuka vilima viwili. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, mlima unaojulikana dunia nzima, mamia ya watu walipanda kwa miguu kubeba matawi na majembe, na bado ulichukua zaidi ya wiki. Kama pale ni hivyo, kijiji chenye msitu mdogo kisichotokea kwenye habari kijipange chenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imetupa vijiji haki ya kutenga na kusimamia misitu yetu. Haki hiyo inakuja na moto wake.

Na msitu huu si mapambo. Mito ya huku inakusanyika kwenye Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayonywesha jiji la Tanga. Mtu anayefungua bomba Chumbageni anakunywa maji ya misitu yetu. Msitu mbichi wa Usambara hauwaki kirahisi, una unyevu na kivuli. Lakini moto wa mashamba unaumega pembeni. Mwaka huu unaua miti ya ukingoni, jua linaingia, majani marefu na magugu yanaota pale, na mwaka ujao moto unakuta mafuta tayari na kuingia hatua chache zaidi. Hakuna anayeona msitu ukipungua. Mjomba ananionyesha mti ambao alipokuwa kijana ulikuwa ndani kabisa ya msitu. Leo uko peke yake katikati ya majani.

Kilichonichukua muda kukikubali ni kwamba anayewasha ni jirani. Mara nyingi tunamjua. Ni mkulima aliyechoma mabua saa saba mchana kwa sababu ndiyo saa aliyopata nafasi. Ni mfugaji anayetaka nyasi zichipue. Ni mchoma mkaa aliyeacha tanuri, au kijana aliyekwenda kurina asali na kijinga kwa sababu hana bomba la moshi la kutulizia nyuki. Mwanzoni nilitaka wote wapelekwe kwa mtendaji wakatozwe faini, na sheria ndogo zipo, na wengine walitozwa. Lakini niliona kwamba aliyetozwa faini, moto ukimponyoka mara ya pili, hapigi filimbi. Anakimbia. Na dakika zile anazokimbia ndizo tunazozihitaji. Sasa kikosi kinakwenda shambani kwa mtu kabla hajachoma. Tunamsaidia kufyeka kinga kuzunguka shamba, tunapanga siku moja na majirani, tunachoma jioni upepo ukitulia, tukianzia upande ambao moto utakwenda kinyume na upepo, na tunabaki naye mpaka majivu yapoe. Wengine tumewashawishi wasichome kabisa, mabua wayaache yaoze shambani. Hawa wanakwenda polepole kubadilika, lakini wanabadilika, hasa wakiona mahindi ya jirani aliyeacha mabua yanastahimili jua.

Mrina asali wetu ndiye mwalimu bora wa hili. Yeye haji na vitisho. Anakaa na vijana chini ya mwembe, anawaonyesha bomba la moshi linavyojazwa maganda ya nazi, anawaambia, "Mwanangu, nyuki akiungua leo, kesho utarina nini?"

Familia yangu haikupenda nijiunge, na sidhani kama mama ameridhika mpaka leo. Ukirudi umenuka moshi, unakohoa siku kadhaa, macho mekundu, hakuna posho. Sitamdanganya mtu anayetaka kuanza: hakuna malipo, na siku nyingi hakuna hata moto. Kuna mikutano, kuna kunoa mafyekeo, kuna kuhakiki namba za simu na kujua ni kichuguu gani kinapata mtandao. Asiye na subira ya hayo atatuletea hatari siku ya moto. Lakini anayeweza kupokea amri bila kubishana na kukaa na kisiki mpaka kipoe, huyo tunamhitaji hata kama hana mbio.

Yule mama mjane amepanda tena. Safari hii ameacha ukanda mpana mtupu kuzunguka shamba, na upande wa bondeni ameweka mstari wa migomba, kwa sababu mgomba una maji mengi na moto wa majani hufifia ukifika hapo. Ameingia pia kwenye kikosi. Mahindi yakishavunwa tunaanza kufyeka kinga ya upande wa mto, kuanzia daraja la miti mpaka kwenye mwamba. Anayeishi huku na ana fyekeo la ziada, alete pia jiwe la kunolea, maana tulilonalo limeisha.